Oveni Ndogo Inatosha, Ukijua Tabia Yake

Mwezi huu zamu ya ukurasa wa nyumbani imetuangukia sisi walimu wa kujitolea tunaopanga pamoja hapa Nengo, Gisenyi. Wengi wenu mmekuwa mkituuliza habari za "ile mashine ya keki". Mnataka kujua kama ile oveni ndogo ya umeme, ya kuweka juu ya meza, inaweza kweli kufanya kazi ya oveni kubwa, au ni ya kuchomea vipande vya mkate wa chai tu. Jibu letu ni kwamba inaweza, ila ina masharti yake. Leo tunawaeleza masharti hayo, na jinsi tulivyoyajua.

Tunaishi wanne katika vyumba viwili vya nyuma ya nyumba ya mwenyewe. Jiko la ndani hakuna. Tunapikia uani kwenye mbabula, na mvua ya Gisenyi si mnaijua, haiombi ruhusa. Mpangaji aliyekuwa pale kabla yetu alihama akaiacha oveni hiyo kwa sababu mlango wake ulikuwa umelegea. Fundi wa mtaani akanyoosha bawaba, mlango ukakaa. Urefu wake ni kama kutoka kiwiko mpaka ncha ya vidole. Nyuma yake pameandikwa wati 1,200. Ndani kuna vyuma viwili vya moto juu na viwili chini, wavu mmoja, na mbele kuna vitufe vitatu vya kuzungusha: cha joto, cha kuchagua moto wa juu au wa chini, na cha dakika. Basi, ni hivyo tu.

Kwa miezi kadhaa tuliitumia kupashia mkate na kuchomea viazi vitamu. Kazi kubwa ilikuja mwaka 2023. Wakati huo tulikuwa na darasa la watoto wadogo kule Nkamira, kwenye barabara ya kwenda Musanze, watoto 42. Familia kadhaa za darasa hilo zilikuwa zimepangiwa kuhamia Mahama, kule mashariki katika wilaya ya Kirehe. Basi lilikuwa liondoke siku ya Alhamisi. Jumamosi iliyotangulia wazazi walikaa kikao. Walitaka watoto waagane vizuri: kila mtoto apate cheti chake cha karatasi na kipande cha keki, wote pamoja, kabla hawajatawanyika.

Vyeti havikuwa shida, tuliviandika kwa mkono. Shida ilikuwa keki. Mchango ulitosha kununua unga, sukari, mayai na mafuta. Keki ya dukani ya watu 42 haukuifikia hata nusu. Mzee mmoja akashauri tungoje mwisho wa mwezi, maana kuna mtu anayemfahamu mjini mwenye oveni kubwa, yuko safarini, akirudi atatusaidia. Watu wakaanza kukubali. Ndipo mama mmoja, aliyekuwa amekaa nyuma na mtoto mgongoni, akauliza: "Mwalimu, mwanangu akishapanda basi Alhamisi, hiyo keki ya mwisho wa mwezi ataila nani?"

Hakuna aliyemjibu. Tukasema sisi tunayo oveni ndogo, tuleteeni vitu. Mzee yule akacheka kwa upole, akasema ile ni oveni ya mtu mmoja na chai yake. Wengine nao wakacheka. Lakini mayai yakaletwa.

Jumapili tulipika keki moja ya kujaribu. Akina mama wawili walitoka Nkamira kwa twegerane wakaja mpaka Nengo kutusaidia. Hawa hawakuwahi kugusa oveni ya umeme, lakini wameoka keki miaka mingi huko kwao kwa sufuria na makaa. Mnajua inavyofanywa: makaa kidogo chini ya sufuria, makaa mengi juu ya kifuniko. Chini panawekwa machache kwa sababu ndipo panapogusana na chombo, na pakizidi moto keki inaungua kabla ya kuiva ndani. Mmoja wao aliinama akachungulia kupitia kioo, akaona vyuma vya juu vinavyowaka vyekundu, kisha akasema: "Huyu moto wake wa juu uko karibu sana. Ingekuwa sufuria, ningeondoa makaa ya kifuniko."

Hilo ndilo lililotufungua macho. Oveni kubwa ina nafasi. Moto uko mbali na chakula, na kinachoivisha ni hewa ya moto iliyojaa mle ndani. Katika oveni ndogo chakula kiko karibu kabisa na vyuma, kwa hiyo kinapigwa na mng'ao wenyewe wa moto, kama mtu aliyekaa karibu mno na mbabula: uso unaungua, mgongo una baridi. Kwa hiyo usiifanye kama oveni kubwa iliyopunguzwa. Ifanye kama sufuria ya makaa iliyowekewa waya wa umeme. Kuanzia hapo tukapanga taratibu zetu, na ndizo hizi.

Kwanza, shusha wavu mpaka ngazi ya chini. Juu ya chombo chako ibaki nafasi ya kutosha, kwa sababu keki itapanda. Bati lisiwe refu kwenda juu, na usilijaze kupita theluthi mbili. Pembeni pia liache nafasi ya vidole viwili kila upande ili hewa ipite. Bati likiziba oveni nzima, chini kutakuwa na moto wake na juu moto wake, na katikati patabaki pabichi.

Pili, iwashe mapema, dakika 10 kabla ya kuweka chakula. Halafu punguza joto. Kama maelezo ya kupika yanasema nyuzi 180, sisi tunaweka 160 au 165. Kitufe cha joto cha oveni hizi hakisemi ukweli mara zote, kwa hiyo jua ya kwako kwa kujaribu na kitu cha bei ndogo, kwa mfano kiazi, kabla hujaingiza mayai ya watu.

Tatu, usifungue mlango ovyo. Oveni kubwa ukiifungua inabaki na joto kwenye kuta zake. Hii ndogo ina kuta nyembamba, ukifungua tu joto limekimbia na keki inabonyea. Ngoja mpaka theluthi mbili za muda zipite. Hapo fungua mara moja, geuza bati ili upande wa nyuma uje mbele, kwa kuwa nyuma huwa pana moto zaidi, na kama juu pameshakuwa rangi ya kahawia funika na foili. Foili hiyo isiguse vyuma vya moto wala kuta. Karatasi ya kawaida usiiweke kabisa, itashika moto.

Nne, kumbukeni tuko juu. Ziwa Kivu lenyewe liko karibu mita 1,460 juu ya usawa wa bahari, na huku kwetu maji yanachemka kwenye nyuzi 95 hivi, hayafiki 100 kama kule pwani. Hewa ikiwa nyepesi hivyo, keki inapanda haraka kisha inaanguka. Ndiyo maana tunapunguza bekingi poda. Kwa bati moja tulitumia unga gramu 220, sukari gramu 130, mayai 2, mafuta mililita 100, maziwa mililita 130, chumvi kidogo, na bekingi poda kijiko cha chai kimoja na robo. Tulikwangulia ganda la limau kwa ajili ya harufu. Inaiva kwa dakika 35 hadi 40. Choma kijiti katikati: kikitoka kikavu, imeiva.

Keki ya Jumapili ilitoka vizuri, tukaila na akina mama na watoto wa jirani, hata makombo hayakubaki. Bati moja linatoa vipande 10. Tulihitaji mabati 5.

Oveni inaingiza bati moja tu kwa wakati. Jumatatu jioni baada ya masomo tulioka mawili. Jumanne tulibakiwa na matatu. La tatu likaiva, la nne likaiva, na lile la mwisho tulikuwa tumeshalichanganya tayari, wakati mmoja wetu ameshika kitambaa kufungua mlango, umeme ukakatika. Nengo nzima giza. Sasa unga ukishachanganywa na bekingi poda hauwezi kungoja, mapovu yanatoka na hautapanda tena. Uani jirani yetu, mama mtu mzima, alikuwa anapika maharage kwenye mbabula. Alisikia kelele zetu, akatua chungu chake chini bila kuulizwa. Tukatandaza mchanga mkavu ndani ya sufuria kubwa, tukaweka vijiwe vitatu vikavu, bati juu ya vijiwe, kifuniko, na makaa juu ya kifuniko. Tulitumia tochi ya simu. Ilichukua karibu saa nzima. Ilitoka nyeusi kidogo upande mmoja, lakini kijiti kilikuwa kikavu. Ukiziweka pamoja zote tano, usingejua ipi ni ya umeme na ipi ni ya makaa, isipokuwa kwa ule weusi.

Jumatano tulizifunga kwa vitambaa tukapanda nazo twegerane, kila mtu amebeba yake magotini. Vipande vilikuwa 50, watoto 42. Vile 8 vilivyobaki vilikwenda kwa wadogo zao waliobebwa mgongoni. Mzee aliyesema oveni ya mtu mmoja alikuja kutusalimia, akaomba apewe hata makombo ya kuonja, akapewa. Mtoto mmoja alituuliza kama huko wanakokwenda kuna mwalimu wa keki. Alhamisi asubuhi watoto 19 kati ya wale 42 walipanda basi. Ijumaa mikeka ya darasa ilikuwa na nafasi nyingi, na waliobaki walikaa walewale pa siku zote, wakaacha wazi nafasi za wenzao.

Tunawaeleza haya ili muone kwa nini hatuwaambii kwamba oveni ndogo ni bora kuliko kubwa. Hebu tupige hesabu kwa ukweli. Oveni yetu ya wati 1,200, ikiwaka bila kupumzika dakika 50, yaani dakika 10 za kupata moto na 40 za kuoka, inakula uniti moja ya umeme. Kwa kawaida haifiki hapo, kwa sababu inajizima na kujiwasha yenyewe joto likitosha. Oveni kubwa ya wati 3,000 ikiwaka saa nzima inakula mpaka uniti 3. Kwa hiyo kwa keki moja, oveni ndogo inashinda mara tatu. Lakini oveni kubwa ingebeba mabati yote 5 kwa mara moja kwa uniti zilezile 3, na sisi kwa mabati 5 mfululizo tungefika uniti 4 na kidogo, pamoja na usiku mbili za kusinzia. Anayetaka kuoka mikate ya kuuza kila siku, oveni hii itamchosha. Mwenye familia ya watu watano au sita, au mwenye shughuli moja kama ile yetu, inamtosha. Na siku ile iliyokuwepo ilikuwa ndogo. Kubwa ilikuwa safarini.

Mwenye mita ya Cash Power ni vizuri aangalie uniti kabla ya kuanza na baada ya kumaliza, aandike. Mnapokaa wengi kwenye mita moja, kama sisi na mwenye nyumba, kuandika kunazuia maneno. Sisi tulimwonyesha daftari, tukamlipa uniti zake, mambo yakaisha.

Kuhusu usalama tunaomba wazazi msome kwa makini. Wati 1,200 kwenye umeme wa volti 230 ni ampea 5 na kidogo, waya mzuri unazibeba. Lakini ukichomeka kwenye kamba hiyohiyo birika la umeme la wati 2,000, unafika ampea 14, na zile kamba nyembamba za sokoni zinayeyuka. Oveni ichomekwe peke yake, ukutani moja kwa moja. Iweke juu ya kitu kigumu kisichoungua, mbali na pazia na ukuta kwa kiganja kizima, na usiweke kitu juu yake. Kuta zake za nje zinaunguza kama pasi, kwa hiyo watoto wasifike pale. Ukimaliza, chomoa waya. Hata umeme ukikatika katikati ya kupika, chomoa, maana unaweza kurudi usiku wa manane wakati umelala.

Na ukihamia kwenye makaa kama tulivyofanya sisi, fanyia nje. Sisi wa upande wa Goma tunajua mazuku, ile hewa mbaya inayotoka ardhini na kukaa mabondeni, inaua mtu na mbuzi bila kelele. Makaa nayo yana hewa yake, kaboni monoksidi, haina harufu wala rangi. Si hewa ileile ya mazuku, lakini chumba kilichofungwa kikiwa na mbabula kinaweza kuua familia nzima ikiwa usingizini. Baridi isiwadanganye mkaingiza mbabula ndani.

Mbali na keki, oveni hii imetufanyia mengi. Mkate wa amira unaiva vizuri ukitengenezwa kwa vidonge vidogo badala ya mkate mmoja mkubwa. Viazi vitamu vinachukua kama dakika 45, na ukivikata katikati vinawahi zaidi. Sambaza wa ziwani tunawapaka mafuta kidogo na chumvi, tunawatandaza safu moja kwenye sinia, tunawageuza mara moja, wanakauka na kukolea bila kikaango kizima cha mafuta. Ndizi zilizoiva mpaka kuwa nyeusi usizitupe, ziponde uchanganye kwenye keki, utapunguza sukari. Ambacho haiwezi ni kuku mzima mkubwa, maana ngozi inagusa moto wa juu na kuungua huku ndani kuna damu. Mkate vipande kwanza. Maharage nayo yaache palepale kwenye mbabula, hapo hayana mpinzani.

Mlio Mahama na kambi nyingine ambako hakuna umeme wa kupikia, msione kama haya hayawahusu. Sufuria yenye mchanga na vijiwe ni oveni kamili, na hata kwenye jiko la gesi unaweza kuitumia kwa moto mdogo kabisa, ila juu ya keki hapatapata rangi kwa sababu hakuna makaa kwenye kifuniko. Ndugu zetu waliokwishafika Marekani na Kanada wengi wamekuta oveni kubwa imeshawekwa nyumbani. Hata ninyi, kwa viazi viwili vya jioni, hakuna haja ya kuwasha dubwana zima.

Na jambo la mwisho, ndugu wasomaji. Kambini tumezoea kusema "tukifika", "tukipata", "tukishakuwa na nyumba". Watoto hawangoji. Mwaka mmoja wa mtoto wa miaka minne ni robo ya maisha yake, na jirani anayekaa naye mkeka mmoja leo huenda wiki ijayo yuko wilaya nyingine. Kama kuna jambo zuri mnataka kuwafanyia, tazameni kwanza kilichopo ndani ya nyumba, hata kama ni kidogo na mlango wake umelegea.

Oveni yetu bado ipo na bado inafanya kazi. Familia yenye shughuli, ubatizo, arusi ndogo au mtoto aliyefaulu mtihani, njooni Nengo siku ya Jumamosi mchana, mlete unga wenu na mayai yenu, na mchango wa uniti. Bati na kijiti tunavyo. Tunawatakia mwezi mwema.

Sisi walimu wenu wa kujitolea, Nengo.